Presha kuka si sloo kuka: tofauti iko kwenye joto

Maduka ya vyombo Darajani na Mlandege, mjini Zanzibar, siku hizi yamejaa majungu ya umeme. Yote yana waya, yote yana kifuniko, yote yana picha ya nyama kwenye boksi, na kwa wengi yote yanaitwa "kuka". Mtu akanunua, akarudi nyumbani, akatia maharage mekundu, akabonyeza, akangoja. Jungu moja litamtolea maharage laini baada ya nusu saa. Jengine litamweka tangu asubuhi mpaka alasiri, na watakaoyala huenda wakatapika usiku huo huo. Mpishi hakukosea chumvi wala maji. Amechukua chombo cha kazi moja akakipa kazi ya chombo chengine.

Tangu Mei 2024, Tanzania ilipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, mazungumzo ya majungu haya yamezidi, na hofu zake nazo zimezidi: yanalipuka, yanakula umeme, yanaua vitamini. Baadhi ya hofu hizo zina msingi. Nyingi hazina. Na ile hatari ambayo ni ya kweli kabisa, ya maharage kwenye moto mdogo, ndiyo isiyosemwa.

Tuanze na majina. Presha kuka ni sufuria ambalo kifuniko chake hujifunga kwa meno na kubana mpira wa duara, mvuke usipate njia ila kwenye kitundu kimoja chenye kizito juu yake. Iko ya kuteleka kwenye gesi, ile inayopiga filimbi, na iko ya umeme yenye vitufe na saa. Sloo kuka ni chungu kizito cha udongo wa kauri ndani ya gamba la umeme. Kifuniko chake aghalabu ni cha kioo, kinakaa tu juu, hakifungwi, na mbele ina kitufe cha kuzungusha chenye moto mdogo, moto mkubwa na kuweka chakula joto. Raisi kuka ni ya wali, na hotipoti haipiki kabisa, inahifadhi joto tu. Dukani usiulize jina, geuza kifuniko. Ukiona mpira na meno, ni presha. Ukiona kioo kitupu, si presha, muuzaji aseme atakalosema. Yapo pia majungu ya presha yenye kitufe cha kupika polepole. Ukikibonyeza hicho, jungu lako limegeuka sloo kuka na sheria zake zote.

Kinachozitenganisha ni joto, na joto la kupikia linashangaza kidogo. Chungu cha wazi kikishatokota, maji yake yako kwenye nyuzi 100 na hayapandi tena. Ongeza makaa kwenye seredani, fungua gesi hadi mwisho, bado ni 100. Unachoongeza ni mvuke unaokimbia, si joto la chakula. (Hapa Unguja na Pemba tuko usawa wa bahari, ndiyo maana ni 100 barabara. Arusha, kule juu, maji hutokota kwenye nyuzi kama 95, na maharage huchelewa zaidi.) Fikiria abiria wanaoshuka boti pale bandari ya Malindi. Geti likiwa wazi, kila anayefika anatoka, na umati haukui hata boti ziwe nyingi vipi. Funga geti, acha boti ziendelee kushusha, na kila dakika watu wanabanana zaidi. Presha kuka ni geti lililofungwa. Mvuke unabanana juu ya maji, unayazuia kutokota, na maji yanaendelea kupanda joto mpaka kama nyuzi 120 kwenye sufuria la gesi. La umeme hubana kidogo kuliko hilo, huishia kwenye 115 mpaka 118 hivi.

Nyuzi 20 zinaonekana chache. Lakini kazi ya kulainisha chakula huongezeka kama maradufu kwa kila nyuzi 10, kwa hivyo nyuzi 20 ni kama mara nne. Kilichokuwa kinakula saa mbili kinakula nusu saa. Huo ndio uchawi wote wa presha kuka.

Sloo kuka inakwenda upande wa pili. Inapanda polepole, saa mbili tatu za mwanzo chakula kikiwa vuguvugu tu, kisha inatulia kwenye nyuzi 80 na kitu, ikikaribia 100 baada ya saa nyingi. Joto hilo linafaa sana kwa nyama ngumu. Mishipa na ngozi nyeupe inayoshikilia nyama huanza kuyeyuka kuwa utelezi kuanzia nyuzi kama 70, mradi ipewe muda. Kongoro, shingo, mbavu, kuku wa kienyeji aliyezeeka: saa nane kwenye moto mdogo na nyama inaachia mfupa bila kukauka.

Maharage na moto mdogo

Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili aina ya lektini. Manne au matano mabichi yanatosha kumtapisha mtu. Dalili huja ndani ya saa chache: kichefuchefu, kutapika sana, kisha tumbo kuendesha. Kwenye chungu chetu cha kawaida hatuijui sumu hii kwa sababu mchemko wa kweli unaivunja. Kwenye sloo kuka mchemko huo haupo. Na balaa ni kwamba maharage yaliyopashwa kwa nyuzi 80 bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi, hadi mara tano. Tena yanalainika, kwa hivyo mlaji hapati onyo lolote mdomoni.

Kwa hiyo maharage makavu hayaingii kwenye sloo kuka moja kwa moja. Roweka angalau saa tano, usiku kucha ni bora, mwaga maji, tia maji mapya, tokotesha kwenye sufuria ya kawaida. Dakika 10 za mchemko wa nguvu ndicho kiwango cha chini, nusu saa ndiyo salama zaidi. Hapo tena yahamishe. Kusema kweli, ukishafika huko gesi imeshaungua, na presha kuka ingekumalizia kazi nzima. Presha haina tatizo hili, kwa sababu ikishasimama, joto lake liko juu ya mchemko mpaka mwisho.

Nini hasa kinacholipuka

Hofu ya presha kuka ni ya zamani kama chombo chenyewe. Mfaransa Denis Papin alikionyesha London mwaka 1679, na jambo lililompatia sifa ni kile kivalvu cha usalama kinachotoa mvuke unapozidi. Sufuria za leo zina kinga zaidi ya moja: kizito, kizibo kidogo kinachoyeyuka au kuruka, na kufuli linalokataa kufunguka presha ikiwemo. Ajali nyingi hutokea mtu anapozishinda kinga hizo kwa mkono wake.

Ya kwanza ni kufungua mapema. Maji ya nyuzi 120 yanabaki kuwa maji kwa sababu tu presha inayakandamiza. Iondoe ghafla na yanatokota yote kwa pamoja, kila tone, tangu chini. Hesabu yake ni hii: lita mbili za mchuzi kwenye joto hilo hutoa papo hapo gramu 80 hivi za mvuke, na gramu hizo zinajaza lita 130, yaani zaidi ya madumu sita ya lita 20, kupitia mdomo wa sufuria moja, zikibeba maharage ya moto. Kifuniko kikikataa, usikipigie mwiko wala kukilazimisha kwa nguvu za watu wawili. Kinakwambia presha bado ipo. Zima, acha dakika 15 mpaka 20, kipini kidogo cha kifuniko kinachoinuliwa na presha kishuke chenyewe. Ukiwa na haraka, la gesi liweke chini ya bomba maji yatiririke kwenye kifuniko pembeni, mbali na kitundu. La umeme halimwagiwi maji kamwe. Geuza kivalvu kwa kijiko kirefu, uso na mkono viwe kando. Kama ndani mna nafaka au supu nzito, usitoe mvuke kwa ghafla hata kidogo, povu litafuata njia hiyo hiyo.

Ya pili ni kujaza. Sufuria la presha lisipite theluthi mbili, na kwa maharage, choroko, ngano na wali lisipite nusu, maana vitu hivyo hufura na kutoa povu. Ganda moja la haragwe likipanda na povu likakaa kwenye kitundu, njia ya mvuke imezibwa. Kijiko kimoja cha mafuta kwenye maji ya maharage kinalipunguza povu. Kabla ya kufunga, kila mara, inua kifuniko uangalie kitundu dhidi ya mwanga. Usipoona mwanga, kizibue kwa sindano au waya mwembamba, kisha kipulize.

Ya tatu ni fundi wa mtaani aliyeziba kizibo cha usalama kwa msumari au gundi kwa kuwa "kilikuwa kinavuja". Sufuria hilo halifai tena kuwekwa motoni. Kizibo kikiyeyuka, kinakuwa kimekuokoa. Nunua chengine cha sufuria hiyo hiyo.

Na maji yasipungue kikombe kimoja, hata kama chakula kina maji yake. Bila maji hakuna mvuke, bila mvuke hakuna presha, na jungu la umeme litaandika alama ya kuungua na kujizima huku kitunguu kimeganda chini. Ukikaanga kabla ya kufunga, mimina maji kidogo ukwangue ukoko wote kwa mwiko wa mti. Kukaanga kwa mafuta mengi huku kifuniko kimefungwa ni marufuku.

Neno moja kuhusu filimbi. Kupika "mpaka filimbi tatu" ni kipimo kinachotegemea ukubwa wa moto wako, kwa sababu filimbi ni mvuke wa ziada tu ukitoka. Moto mkali hupiga tatu kwa dakika chache, mdogo haupigi hata moja, na chakula ni kile kile. Hesabu dakika badala yake: filimbi ya kwanza ikilia, punguza moto mpaka mvuke ufuke taratibu, hapo ndipo uanze saa.

Umeme: nani anakula zaidi

Wengi huogopa jungu la presha kwa sababu limeandikwa wati 1,000, wakaipenda sloo kuka kwa sababu imeandikwa 200. Wati ni kasi ya kula. Yuniti ndizo shibe: yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Jungu la presha la lita 6 hula kwa nguvu zote dakika 15 au 20 za kupandisha presha, kisha hujizima na kujiwasha kwa vipindi vifupi. Nusu kilo ya maharage hugharimu chini kidogo ya nusu yuniti. Sloo kuka ya wati 200 ikiwaka saa nane: 200 mara 8 ni 1,600, yaani yuniti moja na pointi sita. Jiko la koili la wati 1,500 kwa saa mbili ni yuniti tatu likiwa wazi kabisa, moja na nusu ukilipunguza. Kama huamini, soma mita yako ya umeme ya TUKUZA kabla na baada, friji na pasi zikiwa zimezimwa. Unachonunua kwenye sloo kuka ni uhuru wa kuondoka nyumbani, si umeme mdogo.

Kuhusu mtumba: jungu lililotoka Marekani au Japani limetengenezwa kwa volti 120 au 100. Umeme wetu ni 230. Ukibadilisha plagi tu, volti zinakuwa karibu mara mbili au zaidi na nguvu inayopita karibu mara nne mpaka tano na ushei, na koili inakatika siku ya kwanza ikiwa una bahati. Soma kibati cha chini kabla ya kulipa. Na jungu la wati 1,000 liwe na soketi yake. Ekstensheni nyembamba inayobeba pia friji na birika itapata moto.

Vitamini, nazi na mengine ya jikoni

Kwamba presha "inaua vitamini" ni kinyume cha mambo. Vitamini C na baadhi ya vitamini B hupotea kwa joto, kwa muda, na zaidi kwa kumwaga maji ya kupikia. Presha ina joto zaidi lakini muda mfupi na maji kidogo, kwa hivyo mwishowe mboga haipotezi zaidi ya kwenye chungu cha wazi, mara nyingi hupoteza pungufu. Kinachoharibu ni magadi: yanalainisha maharage kweli, na yanaiharibu vitamini B1. Ukiwa na presha huyahitaji. Faida kubwa ya afya ni nyengine: kunde, mbaazi, choroko na ngano nzima zinakuwa chakula cha siku ya kazi, si cha Jumapili pekee. Supu nayo, ukiiacha ipoe kwenye friji, mafuta yanaganda juu na kuondoka kwa upawa.

Muda, tangu presha iliposimama: maharage yaliyorowekwa usiku dakika 12 mpaka 15, yasiyorowekwa 35 mpaka 45. Mbaazi kavu zilizorowekwa 12 hivi, kunde 8 mpaka 10, choroko bila kuroweka 10 mpaka 12. Nyama ya ng'ombe ya vipande 25 mpaka 30, mbuzi vivyo hivyo, kongoro saa nzima. Kwa jungu la umeme ongeza dakika chache. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu hukaidi, na hapo huna dawa ila kuyaongezea. Ndimu, ukwaju na tungule zisitiwe mwanzo, asidi yake inayafanya maganda yabaki magumu.

Pweza anastahili maneno yake. Kilo moja, kusafishwa vizuri, kikombe kimoja cha maji, bila chumvi kwa kuwa bahari imeshamtia. Dakika 15, uchomeke uma kwenye shina la mkono, ukigoma ongeza 5. Atanywea karibu nusu, ni kawaida yake. Samaki wengine, changu au jodari, wasiingie humo. Samaki huiva dakika chache kwenye mchuzi wa wazi, na presha itamfanya makapi.

Tui ndilo linalowakatisha tamaa wapishi wetu. Ukifunga tui zito kwenye presha, linakatika: mafuta juu, maji chini, na vijibonge katikati. Sababu ni kwamba joto kali linavunja ushikamano wa mafuta na maji, na ndani ya kifuniko hakuna wa kukoroga. Kwa mbaazi za nazi, roweka nusu kilo usiku, mwaga maji, tia lita moja na robo ya maji mapya na kijiko cha mafuta, pika dakika 12, acha kipini kishuke. Fungua. Punguza maji yaliyozidi mpaka yawe usawa wa mbaazi. Tia kitunguu, bizari, chumvi na tui jepesi vikombe viwili, washa kitufe cha kukaangia, acha vitokote dakika 10 bila kifuniko. Mwisho tui zito la nazi mbili, ukikoroga upande mmoja bila kuacha, na unazima mara linapoanza kufuka mapovu madogo ya pembeni. Kwenye sloo kuka ni hivyo hivyo: tui zito liingie nusu saa ya mwisho.

Boko boko linakubali majungu yote mawili. Nusu kilo ya ngano iliyopurwa na kurowekwa usiku, nusu kilo ya nyama isiyo mafuta, lita mbili za maji, kijiti cha mdalasini, iliki na chumvi: jumla inafika kama lita tatu, nusu kamili ya jungu la lita 6, usizidishe hata kikombe. Dakika 40 za presha, dakika 20 za kushuka kwenyewe, toa mdalasini, kisha songa kwa mwiko mpaka nyama iwe nyuzi na ngano ishikane. Kwenye sloo kuka, anza kwa maji yanayotokota na moto mkubwa saa ya kwanza, kisha mdogo saa saba. Nyama ya barafu isiingie humo. Itakaa vuguvugu kwa saa nyingi, na vuguvugu ndiko vijidudu vinakozaliana, kati ya nyuzi 5 na 60.

Hilo ndilo la kuangalia umeme unapokatika. Ukiwa nyumbani, hamishia chakula kwenye gesi ndani ya saa mbili, kitokote, kimalizikie huko. Ukirudi ukakuta saa ya jungu inawakawaka au imejifuta, na hujui umeme ulikuwa umeondoka muda gani, mwaga, hata kama chakula kina joto. Baadhi ya majungu ya vitufe hayaendelei yenyewe umeme ukirudi. Yanangoja kubonyezwa, na kwa mpishi wa futari aliyelala baada ya adhuhuri hilo ni la kujulikana mapema.

Mpira wa kifuniko uvuliwe na kuoshwa kila ukimaliza, na ubadilishwe kila mwaka au mara unapokakamaa na mvuke kuanza kutoka pembeni. Unashika harufu vibaya. Aliyepika papa juzi asishangae ikiwa wali wa maziwa wa leo unanuka. Anunue mpira wa pili, mmoja wa samaki na mmoja wa vitamu, na kifuniko akiweke kabatini kimegeuzwa juu chini, wazi, kipate hewa.